VIBARUA WA MILIMA YETU: Historia ya kazi ya msimu katika mashamba makubwa ya Kivu



Kila parokia inapofanya Yubile huandika majina: ya wamisionari wa kwanza, ya mapadri wenyeji, ya wakatekista, ya wakubwa waliotoa kiwanja. Ni jambo jema na la haki. Lakini katika milima hii iliyo juu ya Ziwa Kivu liko kundi la watu ambao majina yao hayaandikwi kwa urahisi, hata kama jasho lao linaonekana kila mahali: katika barabara, katika mistari ya chai, chini ya miti ya kahawa, katika matofali ya nyumba zetu. Ndio vibarua, watu waliochukuliwa kazini kwa siku, kwa juma au kwa msimu wa mavuno, kisha wakaambiwa warudi kwao.

Neno lenyewe linatufundisha. Kibarua ni barua ndogo. Zamani, huko pwani ya Afrika ya Mashariki, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kushuhudia kwamba amefanya kazi, kusudi alipwe. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Likapanda pamoja na lugha yetu mpaka huku, likakaa.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha jambo moja tu. Wengi husema kwamba kazi ya shamba kwa asili yake ni ya muda, na kwa hiyo mfanyakazi naye ni wa muda. Historia ya milima yetu haisemi hivyo. Mashamba makubwa yalihitaji mikono mwaka kwa mwaka, kizazi kwa kizazi. Kilichomfanya mtu kuwa wa muda ni sheria za udongo na hesabu za mwenye shamba.

1. Kabla ya mashamba makubwa

Katika Bushi udongo ulikuwa wa Mwami, naye aliugawa kwa wakubwa wake, na wakubwa kwa watu. Njia mbili zilijulikana sana. Ya kwanza ni kalinzi: mtu alitoa zawadi, mara nyingi ng'ombe, akapata haki ya kukaa juu ya udongo ule, kupanda migomba, kuzika wazazi wake pale na kuwaachia watoto wake. Ya pili ni bwasa: mtu aliazimwa kipande cha shamba kwa msimu, akatoa malipo madogo au siku chache za kazi, akapanda maharagwe au viazi vitamu. Mgomba hakuruhusiwa kuupanda, kwa maana mgomba ungekuwa ushuhuda kwamba amekaa.

Basi babu zetu walijua vizuri tofauti kati ya ya kudumu na ya muda. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema: mtu wa kalinzi alikuwa chini ya mkubwa wake, na mkubwa mkali aliweza kumtesa. Lakini bwasa ilikuwa nyongeza juu ya kalinzi. Mtu aliazima shamba la jirani huku akiwa na mgomba wake nyumbani. Taabu kubwa ilikuja pale watu wengi walipobaki na ya muda peke yake.

2. Namna udongo ulivyoitwa mtupu

Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Mfalme Léopold II iliamuru kwamba udongo wote usio na mwenyewe ni wa serikali. Maneno ni machache, lakini matunda yake yalikuwa mengi. Katika milima yetu shamba hupumzishwa kusudi lipate nguvu, na ng'ombe huhitaji malisho mapana. Shamba lililopumzishwa na malisho yasiyo na ng'ombe siku ile vilionekana vitupu machoni pa mpimaji.

Mwaka 1910 Wabelgiji waliagiza kodi ya kichwa ilipwe kwa pesa. Mkulima aliyekuwa na maharagwe, ndizi na mbuzi, lakini hakuwa na franka, alilazimika kutafuta mahali franka zinapopatikana. Mwaka 1917 ikaja amri ya kulimisha watu mazao ya lazima, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Mwaka 1928 ikaundwa Halmashauri ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa herufi zake CNKi. Ilipewa uwezo juu ya eneo kubwa sana la udongo, nayo iliwagawia wazungu waliokuja kulima. Ni kweli kwamba uchunguzi ulifanywa na fidia zilitolewa. Lakini mara nyingi fidia ilipita mikononi mwa wakubwa, na mtu mdogo aliyelima pale aliona tu miti ya mipaka ikisimikwa.

Hivyo mambo mawili yalikutana. Udongo ulipungua, na kodi ilitaka pesa. Mwenye shamba hakuhitaji kwenda mbali kutafuta wafanyakazi: alikuwa amezungukwa na watu ambao jana walikuwa na malisho na leo wanahitaji franka. Na pale watu walipokawia kuja, wakubwa waliagizwa kuwatoa.

3. Mazao yenyewe na kazi yake

Wasomaji vijana wanapaswa kujua namna mazao haya yanavyofanya kazi, maana humo ndimo siri ya kibarua.

Kahawa ya milimani, ile inayoitwa arabika, haiivi yote kwa siku moja. Mvunaji huchuma tunda jekundu na kuacha la kijani, halafu hurudi kwenye mti uleule baada ya siku chache, tena na tena. Tunda lililochumwa halingoji. Linapaswa kumenywa upesi, kuchachushwa, kuoshwa na kuanikwa, la sivyo kahawa inaharibika na bei yake inaanguka. Kwa miezi michache shamba linahitaji mikono mingi mno. Miezi mingine linahitaji watu wachache wa kupalilia, kukata matawi na kutandaza majani chini ya miti.

Chai ni tofauti: huchumwa karibu mwaka mzima, majani mawili na chipukizi, na majani yanapaswa kufika kiwandani siku ileile. Lakini kiangazi kinapofika, kuanzia Juni, chipukizi hupungua, na wachumaji hupungua pia. Kinkina, mti wa dawa ya malaria, hungoja miaka mingi. Siku ya kuubandua ganda huja na watu wengi, kisha wanaondoka. Pareto, ua la dawa ya wadudu lililolimwa zaidi upande wa kaskazini, huchumwa ua kwa ua, kwa vidole.

Mwaka 1933 Ubelgiji iliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, yenye makao makubwa Yangambi. Kituo chake cha Mulungu, karibu nasi, kilishughulikia kahawa, kinkina na chai. Mbegu bora, vitalu, mitaro ya kuzuia mmomonyoko na dawa za wadudu vilienea kutoka vituo vya namna hiyo. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli, na mpaka leo wakulima wetu wanayatumia. Lakini angalieni jambo hili: elimu ile ilibadilisha mbegu, udongo na kiwanda. Uchumaji wenyewe haikuubadilisha. Juu ya miteremko hii hakuna mashine inayotofautisha tunda jekundu na la kijani. Kadiri mashamba yalivyoboreshwa na kuzaa zaidi, ndivyo yalivyohitaji vidole zaidi kwa wakati uleule mmoja.

Tena msimu wa shamba kubwa ulishindana na msimu wa nyumbani. Kwetu msimu wa kwanza wa kulima huanza Septemba, na wa pili Februari. Kibarua aliyeitwa kwenye kahawa wakati maharagwe yake yanataka palizi alipaswa kuchagua. Kwa kawaida yeye alikwenda kwenye kahawa, na mke wake akabaki na jembe peke yake. Hapo kuna hesabu ambayo haikuandikwa katika daftari yoyote. Ujira wa kibarua uliweza kuwa mdogo kwa sababu shamba la mke wake lilimlisha. Mwanamke yule, hata asipokanyaga plantasio, alikuwa analilipia. Na pale wanawake walipokwenda wenyewe kuchuma, watoto wakiwa mgongoni au wakiokota matunda yaliyoanguka, mara nyingi mizani ilipima kapu lao lakini karatasi ilikuwa ya mume.

4. Migodi ilijifunza, mashamba hayakujifunza

Mtu atasema: zamani zile waajiri wote walifikiri hivyo. Sivyo. Katika Katanga, Union Minière nayo ilianza kwa watu wa miezi michache. Watu walikwenda na kurudi, wengi waliugua na kufa, na kutafuta wapya kila mara kuligharimu sana. Kwa hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilianza kuandika mikataba ya miaka mitatu na kuwaacha wafanyakazi waje na wake zao, ikiwapa nyumba, posho, matibabu na shule. Haikufanya hivyo kwa upendo. Ilifanya hesabu ikaona faida, na pamoja na nyumba ilileta usimamizi mkali. Lakini mfanyakazi wa mgodi alianza kuhesabiwa kama mtu wa kukaa.

Wenye mashamba ya Kivu walifanya hesabu nyingine. Mgodi ulikuwa mbali na vijiji. Wao walikuwa katikati ya vijiji. Mgodi ulipaswa kumlisha mtu. Wao waliweza kuacha kijiji kimlishe. Mgodi ulihofia kumpoteza mtu aliyefundishwa. Wao walijua kwamba asubuhi inayofuata wengine wangesimama mbele ya kapita. Watu wachache walipewa nafasi ya kudumu: makapita, walinzi, mafundi wa kiwanda. Wengine waliitwa na kuachwa.

5. Vita na uzito wake

Mwaka 1942 Wajapani waliteka kisiwa cha Java, mahali palipotoka sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Kinkina ya Kivu ikawa ghafula mali ya vita. Mwaka huohuo siku za kazi ya lazima katika Kongo ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Theluthi ya mwaka wa mkulima ilichukuliwa, juu ya kodi na juu ya kibarua. Mwaka 1944, upande wa Masisi na Lubutu, hasira ililipuka katika maasi ya Kitawala, na serikali iliyazima kwa ukali. Dawa iliyoponya askari katika nchi za mbali ilibanduliwa kwa mikono ya watu ambao hakuna aliyewauliza.

6. Waliotoka ng'ambo ya mpaka

Tuvuke sasa upande wa kaskazini wa ziwa, kwa sababu bila habari hii historia ya vibarua haikamiliki. Huko Masisi wakoloni walilalamika kwamba watu ni wachache, na huko Rwanda watu walikuwa wengi na njaa ilikuwa imepita. Mwaka 1937 serikali ya Ubelgiji iliunda Misheni ya Uhamisho wa Wanyarwanda, ikaanza kuzihamishia familia Gishari. Hadi mwaka 1945 watu wapatao 25,000 walikuwa wamehamishwa. Kati ya 1949 na 1955 waliongezwa wapatao 60,000. Mbali na hao, wengine walikuja wenyewe kutafuta kazi ya msimu.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Serikali iliwaleta juu ya udongo ambao wenyeji, kama Wahunde, waliuhesabu kuwa wao, bila kupatanisha vizuri haki za pande mbili. Kisha serikali hiyo ikaondoka mwaka 1960, ikaacha swali mikononi mwa watoto wa pande zote. Tunayaandika haya kwa uangalifu, maana damu nyingi imemwagika juu yake tangu mwaka 1963, na tena tangu 1993. Lakini ukweli hauwezi kufichwa katika kitabu cha Yubile: mtu aliyeitwa kwa ajili ya mikono yake huja na mwili mzima, anaoa, anazaa, anazika. Na mwenyeji aliyepoteza malisho naye hakuwa adui, alikuwa amenyang'anywa. Waliopata faida ya mpango ule hawakubaki kulipa deni lake.

7. Wenye mashamba walibadilika, kibarua akabaki

Baada ya Uhuru wakoloni wengi waliondoka. Maasi ya 1964 na vita vya mamluki waliouteka Bukavu mwaka 1967 viliharibu mengi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na tarehe 30 Novemba mwaka uleule Rais Mobutu alitangaza Zairianisation: mashamba na biashara za wageni vikabidhiwe wananchi. Wengi walishangilia. Lakini waliopewa walikuwa hasa wakubwa na marafiki wa wakubwa. Wengine walikula mali bila kupalilia, na kuanzia mwaka 1976 Serikali ilianza kuwarudishia wenyewe wa zamani. Katika kupokezana huko kote, mlango wa plantasio ulibadilisha jina. Mstari wa watu mbele yake asubuhi ulikuwa uleule.

Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa mingi ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana hadi mwaka 1977. Julai 1989 mapatano ya dunia yaliyogawa mafungu ya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Bei ilipopanda, kibarua hakupandishiwa kwa kipimo kilekile. Ilipoanguka, yeye alikuwa wa kwanza kuondolewa. Halafu pesa yenyewe ya Zaire ikapoteza thamani, na tangu mwaka 1996 vita vikafuatana. Mashamba mengi yakageuka msitu au malisho ya wenye nguvu. Mahali pengi leo mtu asiye na udongo hupata kipande cha kulima ndani ya shamba kubwa kwa kumlimia mwenyewe siku kadhaa kwa juma. Hapo hata kikaratasi hakipo. Ni bwasa bila kalinzi.

8. Sheria inasema nini

Tungefanya kosa kama tungeacha habari hii katika kilio. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 40, inasema jambo ambalo vibarua wengi hawajalisikia. Mtu anayechukuliwa kwa siku, akiwa amekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Yaani sheria ya nchi yetu imetambua lile tulilosema: kazi ikirudi kila mara, si ya muda tena. Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo, inapozuia kurudiarudia mikataba ya muda, inaacha mlango kwa kazi za msimu, na wengi hupitia mlango huo. Lakini siku 22 zinahesabika kwa vidole. Asiyejua kuhesabu hawezi kudai. Ndiyo sababu shule zetu za kusoma na kuandika kwa watu wazima ni kazi ya haki.

Kanisa nalo halikunyamaza. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alifundisha juu ya mshahara wa haki. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII alieleza namna kilimo kinavyoachwa nyuma na kazi nyingine, akataka wakulima wenyewe wawe wajenzi wa maendeleo yao. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II aliandika wazi juu ya watu wanaolima udongo wa wengine bila ulinzi wa sheria. Mafundisho hayo yanawahusu wenye mashamba makubwa, na yanatuhusu sisi pia. Parokia ina mashamba, ina majengo, inaita vibarua. Mkristu mwenye ng'ombe watano anaita jirani yake kulima. Mkatekista anapojengewa nyumba anaita watu wa kubeba mawe. Je, siku zao tunaziandika? Je, tunawalipa jioni, au tunawaambia warudi Jumamosi?

9. Kwa kumaliza

Mithali inasema: Mchumia juani hulia kivulini. Kwa vibarua wa milima yetu ilikuwa kinyume: wao walichuma juani, na kivuli kilikuwa cha mwingine.

Katika kitabu cha ubatizo huandikwa jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, na tarehe. Hakuna anayeandikwa humo kuwa mtu wa muda. Katika daftari ya plantasio iliandikwa namba, na alama ya kila siku. Watu waleule walikuwa katika vitabu vyote viwili. Tunaomba basi kwamba katika mwaka huu wa Yubile kila shirika la msingi lifanye kazi moja: kuwauliza wazee, kabla hawajatutoka, ni nani alichuma wapi, miaka mingapi, kwa malipo gani, na nani hakurudi. Majina hayo yaandikwe na yatunzwe parokiani pamoja na majina ya waanzilishi. Na kila mwenye kuita vibarua, tukianzia na parokia yenyewe, awe na daftari yenye jina kamili la mtu, siku zake na malipo yake, nayo ifunguliwe mbele ya mwenyewe kila jioni.

Mungu aibariki Yubile yetu, na kila mkono uliochuma.